Shule ya Jioni: Korali na Vikundi vya Vijana wa Bukavu

Koleji ya Alfajiri haikuzaliwa na jina hilo. Wajesuiti walipoifungua mwaka 1938 waliiita Collège Notre-Dame de la Victoire, na mji wenyewe uliitwa Costermansville, kwa kumbukumbu ya ofisa wa Kibelgiji, Paul Costermans. Ilijengwa kwa ajili ya wana wa Wazungu: watoto wa walowezi wa mashamba ya Kivu, wa watumishi wa serikali na wa wafanyabiashara. Jina la Bukavu liliurudia mji mwaka 1954. Jina la Alfajiri likaja baadaye, katika zile siku za Mobutu ambapo kila kitu kilitakiwa kivue vazi la Kizungu. Historia ya shule za namna hii huandikwa kwa mtindo mmoja. Huanza na jengo, ikafuata orodha ya mapadri waliolisimamia, kisha matokeo ya mitihani, na mwishoni majina ya wakubwa waliopitia madarasani. Hayo yote ni kweli, lakini yanaiangalia shule wakati wa asubuhi tu, mwalimu akiwa mbele na wanafunzi wakinakili. Baada ya kengele ya mwisho kulikuwa na shule nyingine: korali, kundi la maigizo, skauti, chama cha sala, timu ya mpira. Hoja yangu ni kwamba katika Bukavu ya Wakatoliki shule hiyo ya jioni ndiyo iliyowafundisha vijana jambo ambalo darasa halikuwafundisha na utawala haukutaka wajifunze, yaani kuendesha mambo yao wenyewe.

Wajesuiti hawakulivumbua jambo hili Kivu. Mwongozo wao wa elimu, Ratio Studiorum, ulitolewa mwaka 1599, na ndani yake mna kanuni za kile walichokiita akademia: kikundi cha wanafunzi hodari wanaokutana nje ya masomo ili kujadiliana, kusoma tungo zao na kushindana kwa hoja. Kanuni hizo zinaagiza kwamba kiongozi wa akademia achaguliwe na wanachama wenyewe, mara tatu au nne kwa mwaka, kwa kura ya siri, na kwamba awepo katibu wa kutunza madaftari. Msomaji wa leo anaweza kuona ni jambo dogo. Alipime basi kwa kalenda ya Kongo. Wakongomani walipiga kura kwa mara ya kwanza Desemba 1957, kuchagua madiwani tu, na katika miji mitatu tu: Leopoldville, Elisabethville na Jadotville. Bukavu ilisubiri mpaka mwaka uliofuata. Baada ya hapo haikupita hata miaka miwili kabla nchi nzima kuitwa Mei 1960 kuchagua bunge la taifa huru. Katika nchi ambayo mtu mzima mwenye mke na watoto hakuwahi kuulizwa anamtaka nani amwongoze, kijana wa kikundi aliyepiga kura kumchagua katibu alikuwa amekwisha kumtangulia baba yake.

Hapa msomaji makini atanisimamisha. Kama koleji ilikuwa ya Wazungu, mtoto wa Kadutu alinufaika vipi na kanuni za mwaka 1599? Swali ni la haki, na jibu lake limo katika ramani ya mji. Ibanda, pamoja na rasi zake zinazoingia ziwani, ilikuwa ya Wazungu; Kadutu, juu ya mlima, ilikuwa ya Waafrika; Bagira ikaongezwa baadaye kwa ajili ya Waafrika hao hao. Milango ya koleji za Wazungu ilianza kufunguliwa kwa Waafrika wachache sana, kwa mchujo mkali, na kwa wingi zaidi pale tu waziri Auguste Buisseret alipoanzisha shule za serikali zisizobagua rangi mwaka 1954, hatua iliyozua ugomvi mkubwa kati ya serikali na misioni. Kwa hiyo shule ya jioni ya Waafrika haikuanzia kwenye uwanja wa Wajesuiti. Ilianzia parokiani, na hapo ndipo Bukavu ilipotoa kitu chake yenyewe badala ya kuazima cha wengine.

Mwaka 1952, Georges Defour, padri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika ambao watu huwaita Mapadri Weupe, alianzisha Bukavu chama cha vijana alichokiweka chini ya jina la mtakatifu Fransisko Xaveri. Watu wakakiita Xaveri, na kutoka Bukavu kikavuka mipaka kuingia Rwanda na Burundi. (Mtu asikichanganye na Wamisionari Waxaveri, Waitalia wa Parma, waliofika upande wa Uvira na Baraka mwaka 1958. Ni mtakatifu mmoja, lakini nyumba mbili tofauti, na hata Bukavu kwenyewe wapo wanaozichanganya.) Skauti walikuwapo tayari, na Kiro, chama kilichotoka kwa Waflemi, nacho kilikuja kupata wafuasi wengi Kongo. Vyama hivyo vilifika vikiwa vimekamilika, na nyimbo zake, salamu zake na sare zake. Xaveri kilishonwa papo hapo, kwa kipimo cha mvaaji.

Kwamba Defour alikuwa mtu wa kutazama kwanza kilichopo kabla ya kuleta kingine, tunalo ushahidi wa kitabu. Alikusanya methali za Walega, akazitoa Bukavu mwaka 1981 katika kitabu kinachoeleza kamba ya hekima, mutanga. Kamba hiyo huning'inizwa vitu vidogo vidogo, kama gamba, unyoya, jani kavu, kipande cha kibuyu, na kila kitu kinasimamia methali yake. Wazee huketi, mmoja akashika kitu, mwingine akataja methali, wa tatu akaieleza au akaipinga kwa methali nyingine. Mutanga ni kamusi, na ni baraza pia. Mtu aliyeelewa kwamba Walega walikuwa na akademia yao kabla ya Mjesuiti yeyote kuiona Kivu hawezi kuwaendea vijana kana kwamba anajaza debe tupu. Sisemi kwamba Xaveri kilitoka moja kwa moja kwenye mutanga. Ninachosema ni kwamba kiliota kwenye udongo uliokuwa umelimwa tayari: kijana wa Kivu alijua nini maana ya kukaa kwenye duara, kungoja zamu na kujibu kwa hoja, na kilichokuwa kipya kwake ni daftari la katibu na sanduku la mweka hazina.

Muziki unatupa ushahidi ulio wazi kuliko huo, ingawa kwa mfano ulio bora inatubidi tushuke kusini hadi Katanga. Kamina, mwaka 1954, Mfransisko wa Ubelgiji, Padri Guido Haazen, aliunda korali ya wavulana wa shule na walimu wao, akaipa jina Les Troubadours du Roi Baudouin. Kutoka humo ikatoka Missa Luba, iliyoimbwa katika misa Kamina kwa mara ya kwanza Machi 1958, kisha ikasafiri Ulaya mwaka ule ule na kusikika katika maonyesho makubwa ya Brussels. Maneno yake ni Kilatini kile kile cha Roma, lakini sauti ni za nyumbani: ndani yake mna kasala, namna ya Waluba ya kuomboleza na kusifu, mna wimbo wa kuagana, mna ngoma ya Kasai. Mwanzoni hapakuwa na karatasi ya noti. Waimbaji walijenga sauti wakiimba, mmoja akianzisha, wengine wakipokea, na hakuna mwaka ambao misa ile iliimbwa sawasawa kama ilivyoimbwa kabla yake. Lakini jina lililobaki kwenye santuri ni la padri. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kamina mgeni alikuja, mwenyeji akaimba, na mgeni akaandikwa mtunzi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo kosa la historia nyingi za vikundi hivi. Haazen alikuwa na kipaji cha kusikiliza, na hilo si dogo, kwa maana mapadri wengi wa wakati wake waliishika sana barua ya Papa Pius X ya mwaka 1903 iliyoweka wimbo wa Kigregori mbele ya muziki mwingine wote kanisani. Lakini kusikiliza si kutunga. Kazi ya kuamua ni wimbo gani wa msiba unaoweza kubeba maneno ya kusulubiwa kwa Kristo, na ni mdundo gani unaofaa kwa Hosana, ilitaka ujuzi ambao padri hakuwa nao na hangeweza kuwa nao. Walikuwa nao walimu wa shule na watoto wao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya liturujia, Desemba 1963, na kutamka kwamba muziki wa mataifa katika nchi za misioni upewe heshima na nafasi yake, ulikuwa unahalalisha kitu ambacho watoto wa Kamina walikwisha kukifanya miaka 5 kabla. Kivu nayo ilikuwa na Kiswahili, lugha ambayo misioni iliitumia tangu mapema, na wimbo wa Kiswahili ukapanda toka uwanjani hadi kwaya ya kanisa bila kuhitaji kutafsiriwa kwa mwanaparokia wa Kadutu, awe Mushi, Mlega au Mfulero.

Sasa pingamizi lililo zito zaidi. Wapo wanaosema kwamba vikundi hivi vilikuwa hatamu. Utawala wa Kibelgiji haukuruhusu chama cha Waafrika kukutana bila idhini. Padri mlezi aliketi katika kila mkutano. Na korali iliyobeba jina la mfalme wa Ubelgiji ilipelekwa Brussels kuonyeshwa kama matunda ya ustaarabu. Kijana aliyechoshwa na mazoezi na nyimbo, wanasema, hakubaki na nguvu ya kuuliza kwa nini mshahara wa baba yake ni mdogo kuliko wa karani wa Kizungu. Sikatai hata moja katika haya. Nia ya waanzilishi mara nyingi ilikuwa kuwalinda vijana na baa, na siasa, na pia na Wakomunisti, ambao wakati ule mapadri waliwaona nyuma ya kila kichaka. Ila nia ya mwanzilishi ni jambo moja, na kile kikundi kinachomfundisha mwanachama ni jambo lingine. Padri hawezi kumfundisha kijana kuandika kumbukumbu za mkutano wa korali bila kumfundisha papo hapo kuandika kumbukumbu za mkutano wowote. Hawezi kumzoeza kudai hesabu za sanduku la michango kisha akamkataza asidai hesabu nyingine. Joseph Kiwele, mwanamuziki aliyelelewa katika mazingira ya korali za misioni Katanga, alitoka humo akawa mtunzi wa misa na baadaye waziri wa elimu wa Katanga ya Tshombe, na ndiye aliyetunga wimbo wa taifa la mkoa ule uliojitenga. Mtu anaweza kuichukia siasa yake. Hawezi kusema korali ilimfanya mtu wa kungoja kuambiwa.

Na kama vikundi vilikuwa hatamu tu, dola lililopenda hatamu lingevitunza. Lilifanya kinyume. Mobutu alipotangaza siasa yake ya uhalisia (authenticité), nchi ikageuzwa Zaire mwaka 1971, majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, na Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga akalazimika kuondoka nchini kwa muda. Chama pekee, MPR, kikataka tawi la vijana wake, JMPR, liingie hata seminarini. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1972, vyama vyote vya vijana vya madhehebu vikavunjwa. Skauti, Kiro na Xaveri vikaingia katika marufuku hiyo kwa pamoja. Ni vyema kuangalia mpangilio wa hatua hizi. Shule zenyewe zilichukuliwa na serikali mwishoni mwa 1974, miaka miwili baada ya vyama kuvunjwa. Dola lilianza na jioni, ndipo likaja asubuhi. Mtawala anayetaka vijana wafikiri kwa namna moja anajua kwamba kitabu cha jiografia hakimtishi. Kinachomtisha ni vijana 20 wanaokutana Jumamosi, wana katibu wao na mfuko wao wenyewe, na hawakumwomba mtu ruhusa.

Ninajua nitajibiwa kwa kumbukumbu ambayo kila Mkongomani wa umri fulani anayo: animation. Baada ya safari za Mobutu China na Korea Kaskazini, kila shule, kila kiwanda na kila ofisi ilitakiwa iwe na kundi la kuimba na kucheza sifa za Kiongozi. Walioendesha makundi hayo shuleni walitoka wapi, kama si katika korali zile zile? Sauti zilizofundishwa kumwimbia Mungu zilimwimbia mtu, kwa ufundi ule ule. Pingamizi hili linauma, na linanilazimu kuipunguza hoja yangu mahali ambapo ingependa kupanuka. Muziki wenyewe haumfanyi mtu kuwa huru. Wanaosema kwamba kuimba pamoja huzaa umoja na umoja huzaa haki wanapaswa kutazama picha za viwanja vya Zaire vya miaka ile, ambapo umoja ulikuwa mkamilifu na haki haikuwapo. Kilichotofautisha korali na animation hakikuwa wimbo. Kilikuwa mlango: katika korali kijana aliingia kwa hiari na angeweza kutoka, alimchagua mwimbishaji au angalau alimlalamikia, na repetisyo, kama wanakorali wa Bukavu wanavyoyaita mazoezi, ilikuwa pia mahali pa kugombana juu ya sare na nauli. Animation haikuwa na mkutano wala hesabu, na asiyecheza aliandikwa. Ndiyo maana Mobutu alipoanza kuyumba makundi yale yalitawanyika mara moja, wala hakuna aliyeyahuisha.

Vikundi vya parokia vilipita njia nyingine. Maaskofu wa Kongo walikuwa wamekwisha kuamua tangu 1961 kwamba Kanisa lao lisimame juu ya jumuiya ndogo za mitaani, na Bukavu jumuiya hiyo inaitwa shirika: familia za jirani zinazokutana kila juma, zinasali, zinachanga, zinaamua nani wa kusaidiwa. Xaveri kilipokatazwa, vijana hawakuwa na haja ya chama kingine. Waliingia katika shirika na katika korali ya parokia, ambayo dola lilishindwa kuivunja bila kuivunja misa yenyewe. Mapatano ya Februari 1977 yakazirudisha shule mikononi mwa makanisa, na vyama vikafufuka kimoja baada ya kingine. Mwaka 1988 Roma ikaidhinisha Misale ya majimbo ya Zaire, na kucheza wakati wa Utukufu hakukuwa tena jambo la kutetea kwa askofu.

Halafu ikaja miaka ya 1990, na Bukavu ikaonyesha kitu ambacho miji mikubwa kuliko yenyewe haikukionyesha. Mobutu aliporuhusu vyama vingi mwaka 1990, na Mkutano Mkuu wa Taifa ukafunguliwa mwaka 1991, Kivu ya Kusini tayari ilikuwa imejaa mashirika ya wakulima, ya haki za binadamu, ya maendeleo ya vijiji. Solidarité Paysanne ya Pierre Lumbi ilitoka upande huu, na Lumbi akawa miongoni mwa sauti kubwa za mashirika ya raia katika mkutano ule. Groupe Jérémie, kikundi cha Wakatoliki, kikaandika juu ya kukataa maovu bila kumwaga damu. Mwaka 1993 mashirika ya mji yalijiunga kuanzisha Radio Maendeleo, ambayo waasi wa RCD walipoushika mji waliona ni lazima waifunge. Sidai kwamba kila aliyeketi katika meza hizo alianzia Xaveri. Waprotestanti walikuwapo, na Héritiers de la Justice, kikundi chao cha haki, kilikuwa miongoni mwa vile vya mbele. Wanawake wa masoko walikuwapo ambao hakuna koleji iliyowahi kuwapokea. Na hapa nakubali upungufu halisi wa shule ya jioni: kwa muda mrefu ilikuwa ya wavulana, na uongozi wake ulibaki wa wanaume hata pale ambapo sauti nyingi za korali zilikuwa za wasichana. Lakini anayetafuta kwa nini mji uliotengwa na Kinshasa, usio na barabara inayofika huko, ulikuwa na watu wengi kiasi hicho wanaojua kuitisha mkutano, kugawana kazi na kutoa hesabu, atapata wapi chanzo kingine chenye upana huo? Vyama vya siasa havikuwapo kwa robo karne. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimemezwa na MPR. Vilivyobaki vilikuwa vikundi vya makanisa.

Christophe Munzihirwa, Mjesuiti mzaliwa wa Kivu ambaye alikuwa Askofu Mkuu wa Bukavu alipouawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996, anaonyesha uzi huu kwa tukio moja. Mwaka 1971, Mobutu alipowaingiza jeshini kwa nguvu wanafunzi wa chuo kikuu cha Kinshasa walioandamana, Munzihirwa alikuwa padri na hakulazimishwa. Aliomba aandikishwe pamoja nao, akavaa sare. Alielewa kwamba kambi ile nayo ilikuwa imewafanya vijana wale kuwa kikundi, na kwamba mlezi wa kikundi haachi wenzake langoni.

Tatizo la historia hii ni kwamba ushahidi wake mwingi haumo katika nyaraka za utawala. Umo katika madaftari ya shule yenye jalada la karatasi, ambamo katibu fulani aliandika nani alihudhuria repetisyo, nani hakulipa mchango, na kura ngapi zilimpa ushindi mwimbishaji mpya. Madaftari hayo yamekwisha kupitia kukaliwa kwa mji na mamluki wa Schramme mwaka 1967, vita vya 1996 na vya 1998, na mji ulibadilisha mikono tena Februari 2025. Aliye nalo moja, hata kama kurasa zake zimeliwa na mchwa na majina ndani yake ni ya watu wasiojulikana na mtu, asilitumie kuwashia makaa. Alipeleke kwenye maktaba ya parokia yake, au alipige picha ukurasa kwa ukurasa, na aandike juu yake mwaka na jina la kikundi.